Moyo wa Mtaa wa Mikoroshini

Upepo ulipoanza kunyofoa makuti ya banda la kuku, Bi Somoe alifanya alichokuwa akikifanya miaka yote: alitia udhu, akatandika msala, akafungua Yasini.

Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa. Nje mawingu yalikuwa yamebanana juu ya bahari, meusi kwa chini, na kwa juu yana kijani kibovu, ile rangi ya mchicha uliolala. Kabla ya kusoma alipandisha mkono wa dera akatazama kipimo. Kilikuwa ukanda wa mpira uliomkaza juu ya kiwiko, wenye taa moja ndogo. Taa ilikuwa ya njano, inaelekea kwenye wekundu. Ndivyo ilivyotakiwa. Ikifika nyekundu, shanga za mtaa mzima zingefunguka, na kila mtu angerudishiwa hofu yake, abebe mtoto na maji, akimbilie pangoni.

Basi akasoma. Alisoma kwa sauti ya chini, akijiyumbisha kidogo, na alipofika ukurasa wa pili kifua kikaanza kumlegea. Alimkumbuka marehemu Chande, mumewe, akamwombea. Akawaombea na kuku. Alipotazama tena mkononi, taa ilikuwa ya kijani, kijani cha jani changa la mgomba. Akasema alhamdulillahi, wala hakufikiri zaidi ya hapo.

Kilichomwondoa kwenye msala ni mlio wa bati.

Alipofika mlangoni aliliona paa la nyumba ya jirani, Mzee Likwata, likiinuka zimazima kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Mzee Likwata, ambaye ndiye mwenyekiti wa mtaa, alikuwa amekaa barazani kwake na kikombe cha kahawa, ameinua uso, anatazama.

"Bi Somoe," alisema kwa upole, "paa langu linakwenda zake."

"Inuka, mzee! Ingia ndani!"

"Ndani gani tena?"

Ndipo Bi Somoe alipotupa macho chini, kwenye mashamba ya mwani. Asumini alikuwa bado majini. Alikuwa amesimama katikati ya kamba zake, mawimbi yanamfika kifuani, na kila wimbi likipita alikuwa anafuta uso na kuendelea kufunga mwani, ametulia kama mtu anayesuka ukili.

Taa mkononi mwa Bi Somoe ililipuka nyekundu hapo hapo.

Mtaa mzima ulipiga kelele kwa pamoja. Milango ilibamizwa, watoto wakanyakuliwa, Mzee Likwata akatupa kikombe akatambaa chini ya kitanda cha kamba. Na kule majini Asumini alirudishiwa hofu yake yote kwa mpigo mmoja. Hakukimbia. Alikaza mwili, mdomo wazi, mikono imeshika kamba, na alikuwa anaita jina moja tu, "Sefu! Sefu!", na Sefu alikuwa mtoto wake ambaye maji yaliondoka naye miaka mingi nyuma, kabla ya shanga.

Bi Somoe hakujua alifikaje. Alijua tu kwamba alimfungua vidole kimoja kimoja, akamburura hadi mchangani, na njia nzima ya kupanda kilimani yule mwanamke mwenye mwili wa kazi alikuwa mikononi mwake mzito kama nguo iliyolowa.

*

Kimbunga chenyewe kilikuwa kidogo. Zamani vimbunga vilipewa majina. Siku hizi ni vingi mno, watu husema tu "kile cha Ijumaa" au "kile kilichochukua mnazi wa Mwalimu". Kilipita, shanga zikafunga tena, na asubuhi yake mtaa ulikuwa umetulia kama kawaida.

Hilo ndilo lililomuumiza Bi Somoe. Alitoka na sinia la vitumbua kwenda kuomba radhi nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ikampokea kwa tabasamu.

Mzee Likwata alikuwa anakula mihogo sebuleni, jua linampiga utosini.

"Mzee wangu, nimekukosea."

"Hujanikosea lolote. Tazama mwanga huu. Nimeipata sindano niliyoipoteza tangu mwezi wa Mfungo Tatu."

"Paa lako limekwenda kwa sababu mimi nilitulia."

"Basi wewe ulitulia, nami nimetulia. Kitumbua hiki kina iliki?"

Nyuma ya sikio lake shanga iling'aa, ndogo kama punje ya mahindi. Kila mtu aliyekwisha kubalehe alikuwa nayo. Ilinyonya woga kabla haujafika kifuani, hivyo katika miezi yote ya vimbunga watu walilala, walioa, walisuka ukili, hawakukesha tena wakisikiliza bahari kama zamani. Bi Somoe aliikumbuka hiyo zamani. Aliwakumbuka wanawake waliokonda kwa kusubiri, na wanaume waliokuwa wakiwapiga watoto kwa sababu ya ngurumo. Hakuwa mtu wa kuzilaani shanga.

Ila mwaka wa kwanza wa shanga, watu wa kisiwa kimoja walikaa barazani wakayatazama maji yakiingia, wakasogeza viti. King'ora kililia, wakakisikia kama jogoo wa jirani. Mashine za Kituo cha Vimbunga zilijua upepo ulipo, lakini mguu wa mtu hauinuliwi na habari. Toka hapo kila mtaa ukatakiwa kuwa na mmoja asiyevaa shanga, mwenye kuangalia mbingu kwa niaba ya wote na kuogopa kwa niaba ya wote. Moyo wake ukipanda, za wengine zinafunguka. Ndivyo alivyoitwa: Moyo wa Mtaa.

Walimchagua Bi Somoe kwa sababu alikuwa mjane wa kimbunga. Dari lilimwangukia Chande akiwa anafunga dirisha, na mwaka ule taa ya kipimo ilikuwa haitoki kwenye njano hata wakati anamenya vitunguu. Lakini miaka imepita. Alisali, akafuga kuku, akapika vitumbua, akalala usingizi wake. Siku hizi akimkumbuka Chande alikuwa anamkumbuka akicheka. Bi Somoe alikuwa ameridhika, na kuridhika kwake ndiko kulikokuwa kunauhatarisha mtaa.

*

Fundi wa Kituo alikuja Jumatatu na bajaji yake ya jua. Aliitwa Kaspari Mchopa, kijana wa Masasi, mpole, mwenye viatu safi mno kwa mtaa wa mchanga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Chai hiyo."

Alimvalisha vipokea sauti masikioni, akamsikilizisha upepo. Kisha bati. Kisha maji yakivunja ukuta. Halafu watu. Bi Somoe alifumba macho akajitahidi kuogopa, akajitahidi kama mtu anayejitahidi kupiga chafya. Taa ilichungulia njano, ikarudi.

"Ulikuwa unafanya nini sasa hivi ilipoteremka?" Mchopa aliuliza.

"Nilikuwa nawaombea hao wanaolia."

"Aa." Alishika kidevu. "Na siku ya kimbunga?"

"Nilisoma Yasini."

Mchopa akavitoa vile vipokea sauti taratibu, akavikunja. Alisema bila ukali wowote, kama daktari anayekataza chumvi, "Mama, kwa muda huu uliobaki wa msimu, upepo ukianza usisali."

Bi Somoe alimtazama. Alidhani amesikia vibaya, kisha akaona hajasikia vibaya.

"Nisisali nini?"

"Chochote. Hata moyoni. Upepo ukiisha, sali unavyotaka."

"Mwanangu, hapo upepo ukiisha ndipo nitakuwa nashukuru. Huo wakati mwingine ndio wa kuomba."

"Naelewa, Mama."

"Huelewi. Lakini nitajaribu."

Alijaribu kweli. Siku ya Alhamisi palitokea upepo wa kawaida, si kimbunga, na Bi Somoe alikaa kwenye kigoda katikati ya ua, mikono juu ya magoti, midomo ameibana. Alijilazimisha kumwona Chande chini ya dari. Akamwona. Halafu Chande yule wa kichwani akageuza uso uliojaa vumbi akamwambia, kwa ile sauti yake ya utani, "Unaniunguzia wali, wewe." Bi Somoe akacheka peke yake mpaka kuku wakakimbia. Taa ilikuwa kijani. Na katikati ya kucheka akagundua kwamba midomo ilikuwa inasema subhanallah, yenyewe, bila kuagizwa.

Akampigia fundi. "Kaspari, mimi sifai tena."

"Basi inabidi nimvalishe mwingine, Mama. Nimeshapima. Anayefuata ni Asumini. Yeye ana woga wa kutosha mitaa mitatu."

*

Bi Somoe alimkuta Asumini anaanika mwani. Mikono yake ilikuwa na michubuko ya kamba, na uso ulikuwa laini kabisa.

"Fundi amenipigia," Asumini alisema. "Nimemwambia sawa. Mama umechoka, mimi bado nina nguvu."

"Unakumbuka ulivyokuwa kabla ya shanga?"

"Nakumbuka."

"Ulikuwaje?"

Asumini alifikiri, kama anayeulizwa kuhusu jirani aliyehama. "Nilikuwa nalala kizingitini, kichwa nje, ili maji yakija yaanze na mimi. Nilikuwa sili. Mama ulikuwa unanilisha uji kwa kijiko." Akageuza mwani upande wa pili. "Nilikuwa mtu wa taabu sana."

"Na unataka kurudi huko?"

"Si ni lazima awepo mtu?"

Alisema kwa sauti ya mtu anayekubali kwenda kununua chumvi. Bi Somoe aliona nywele za mkononi mwake mwenyewe zimesimama. Huyu anayekubali siye atakayeteswa, alijiambia. Anayekubali ana shanga. Atakayeteswa hajaulizwa.

Lakini akirudi nyumbani njia nzima alikuwa anawaona wale watoto wa mtaa wakifukuzana na tairi, na mtoto wa Mwalimu aliyezaliwa juzi, na mawingu. Mtaa usio na moyo ungekaa barazani na kusogeza viti. Akimkatalia Asumini, anawatoa kafara wale. Akimkubalia, anamrudisha mwanamke mmoja kizingitini kwa mkono wake. Aliigeuza hivi na hivi mpaka magharibi, na juu ya msala alishindwa hata kujua aombe nini, akabaki kusema, "Ya Rabbi, mimi njia siioni. Unioneshe."

*

Jumapili ilikuwa khitma ya Chande. Kila mwaka Bi Somoe alikuwa anawaita wanawake wa mtaa, anatandika mikeka, anachoma ubani, analifungua sanduku la juzuu.

Mchopa alikuja siku hiyo hiyo, na ukanda mpya wa Asumini mfukoni. Hakujua kuna shughuli. Alitaka kurudi, Mzee Likwata akamshika shati.

"Kwenye nyumba yenye wali huondoki, kijana. Kaa na mimi hapa nje. Nyumba yangu haina paa, hapa nimekuja kutafuta kivuli."

Ndani, Bi Somoe aligawa. Kila mwanamke alipewa kitabu kimoja chembamba kutoka sandukuni. Bibi mmoja mwenye miwani akapewa chake, mke wa Mwalimu akapewa chake huku ananyonyesha, Asumini chake. Wakaanza kusoma wote kwa wakati mmoja, kila mtu mahali pake, sauti zikapandana kama nyuki kwenye mzinga. Sufuria la wali lilikuwa jikoni na makaa juu ya mfuniko. Kabla wali haujakauka vizuri, sauti zikaanza kupungua, moja, nyingine, kisha kimya, kisha dua.

Mchopa alikuwa ametega sikio dirishani. Yeye kwao walikuwa wakienda kanisani. Jambo hili hakuwahi kuliona kwa karibu.

"Mama," Mchopa aliuliza Bi Somoe alipotoka na sinia, "wamemaliza?"

"Wamemaliza."

"Kitabu chote? Mwanzo mpaka mwisho?"

"Chote."

"Mpaka wali unaiva? Nani anaweza kusoma kitabu kizima kwa muda huo?"

"Hakuna aliyesoma kizima. Kimegawanywa mafungu thelathini, kila mtu anasoma juzuu yake. Marehemu anahesabiwa chote." Alikuwa ameanza kupakua. Mwiko ukasimama hewani.

Alikaa chini kwenye mkeka, sinia mapajani, akausahau wali.

"Kaspari," alisema baadaye, "ivue hiyo shanga yako kidogo."

"Mimi? Kwa nini?"

"Nataka kusema na wewe, na wewe hupo."

Mzee Likwata alicheka. Mchopa naye akatabasamu, akapeleka mkono nyuma ya sikio, akaivua akaiweka kwenye kiganja. Tabasamu halikukaa. Alitazama bahari, kisha akatazama kuta za nyumba zilivyo karibu nayo. Kisha macho yake yakaangukia Asumini, aliyekuwa uani anakosha vikombe, na akautoa ule ukanda mpya mfukoni akautazama kama mtu aliyekuta nyoka kwenye soksi.

"Nilikuwa nije kumvalisha huu," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa na mpango wa kumvalisha halafu nikale samaki. Mama, yule atakufa."

"Hatakufa. Atalala kizingitini. Mimi nitamlisha uji, na atakuwa anaogopa kwa ajili yetu sote mpaka msimu uishe. Na mwakani tena. Mimi nimeubeba huo, naujua uzito wake, na mimi sikuwa nimezika mtoto. Niambie wewe fundi. Hii hofu ya mtaa ni lazima ikae kwa mtu mmoja?"

"Sheria za Kituo zinasema moyo mmoja."

"Sikuuliza sheria. Nauliza hiyo shanga. Inaweza kumwachia mtu kidogo tu? Juzuu moja?"

Mchopa aligeuza ile punje kwenye kiganja. Alikuwa bado anaogopa, lakini ni fundi, na jicho la fundi likaanza kuizunguka. "Ina mlango," alisema. "Siku zote tunaufunga wote au kuufungua wote. Kuuacha na upenyo... inawezekana. Nyumba zote zikiwa na upenyo, naweza kuzijumlisha. Mmoja akishtuka, haitoshi. Wengi wakishtuka kidogo kidogo, inafika nyekundu. Hatujawahi kufanya. Walisema watu wakiachiwa woga kidogo watarudi kugombana."

"Watagombana," alisema Bi Somoe. "Piga simu kwa mkubwa wako."

Alipiga papo hapo, shanga mkononi, jasho linamtoka. Alieleza yote, akakwama, akaeleza tena. Walimsikia mtu wa upande wa pili akisema kwa utulivu mkubwa kwamba sawa, wajaribu tu, na je, kuna mwani wa kununua huko?

Mchopa alikata simu. "Amekubali."

"Haraka hivyo?"

"Naye ana shanga, Mama."

*

"Wasikubali wakiwa wamevaa," Bi Somoe alisema. Hapo ndipo alipokuwa mkali, na hakuna aliyewahi kumwona mkali. "Kila mtu avue kwanza. Aulizwe moyo wake ukiwa kwake. Akikataa, amekataa, asisemwe."

Wakaanza na mwenyekiti. Mzee Likwata alivua shanga yake kama anayevua kofia, akakaa kitako, akavuta pumzi. Alitazama upande wa kwake.

"Bati zangu!" alisema.

Watu wakageuka.

"Bati zangu, jamani! Zile mpya! Nimelala siku tisa natazama nyota kama mbuzi!" Akainuka, kidole kikamwelekea Bi Somoe. "Wewe! Wewe mwanamke! Paa langu linaruka wewe unasoma Yasini! Ungeniua! Nilikaa pale na kahawa yangu kama zuzu, bati lingenikata shingo, nawe umekaa na tasbihi yako!"

"Ndiyo, mzee wangu," Bi Somoe alisema, machozi yanamtiririka. "Nisamehe."

"Ungeniua kabisa!"

"Kabisa. Nisamehe."

Alikuwa amezunguka mtaa mzima na vitumbua akitafuta mtu mmoja wa kumgombeza, na sasa amempata. Mzee Likwata alihema, akafuta uso kwa kofia. Alimtazama jirani yake huyu analia kwa furaha, akashindwa kuendelea.

"Nimekusamehe, basi. Lakini bati utanisaidia kuzipigilia." Akakaa. "Haya, nipe juzuu yangu. Iwe fupi. Mimi mzee."

Mke wa Mwalimu alivua, akamkumbatia mtoto wake mpaka mtoto akalia, akasema, "Niachieni na mimi fungu." Bibi wa miwani alivua, akasema aliogopa zaidi alipougua fistula kuliko hivi, wekeni. Nyumba mbili zilikataa, na hakuna aliyezisema. Jua liliteremka nyuma ya mikorosho na bado Mchopa alikuwa kwenye mkeka, bisibisi ndogo kama sindano mkononi, anaacha upenyo shanga baada ya shanga.

Asumini alikuja wa mwisho, mikono ina povu la sabuni.

"Wewe si lazima," Bi Somoe alimwambia. "Thelathini wangetosha, na hata pungufu. Rudi kakoshe vikombe."

"Nataka kuulizwa kama wengine."

Wakamkalisha kati ya magoti ya Bi Somoe, mgongo kifuani, kama anayesukwa. Mchopa akaivua. Mwili wa Asumini ulikaza kama siku ile baharini, na Bi Somoe akamzungushia mikono, akamsemea sikioni maneno ya kawaida tu: hii ni mikeka, huu ni ubani, yule ni Mzee Likwata anakula tena. Asumini alipumua kama aliyepanda kilima.

"Sefu alikuwa hapendi ukoko," alisema ghafla.

"Kweli. Alikuwa anamwachia paka."

"Nimelisahau hilo, Mama. Toka wameniwekea hii, nimelisahau." Alilia, na kilio kilikuwa na mwanzo na mwisho. Kisha akageuza kichwa kwa fundi. "Niachie kidogo. Kidogo sana. Lakini niachie."

*

Kimbunga kikubwa kilikuja mwishoni mwa msimu, saa ya kunywa chai ya asubuhi.

Hakikuanza na king'ora. Kilianza na mke wa Mwalimu kuanua nepi ambazo hazijakauka. Bibi wa miwani alimwona, akatoka kuitazama bahari. Mzee Likwata akamwona bibi wa miwani, akashuka kwenye ngazi, maana alikuwa juu anapigilia bati la mwisho na Bi Somoe anamshikia misumari.

"Unanusa nini?" alimuuliza Bi Somoe.

"Mimi sinusi kitu," alisema Bi Somoe. "Mimi nimetulia. Wewe je?"

"Mimi tumbo linanizunguka."

"Na lako linahesabika. Twende."

Milangoni watu walikuwa wameshatoka, wanatazamana. Hakuna aliyepiga kelele. Kila mmoja alikuwa na kidogo chake usoni, na kila mmoja alikiona kwa mwenzake, na ndipo nyuma ya masikio punje zote zikageuka nyekundu. Safari hii hofu haikuwaangukia kama dari. Iliwakuta wameshavaa viatu.

Walipanda kilimani wakigombana njia nzima. Nani amesahau kiberiti. Nani amebeba godoro ilhali kaambiwa asibebe. Mzee Likwata alikuwa na kuku wawili wa Bi Somoe kwapani na alikuwa anawatukana. Asumini alimbeba mtoto wa Mwalimu mgongoni, na mkono wake mmoja ulikuwa umeshika kanga ya aliyemtangulia, haumwachii.

Pango lilichimbwa ndani ya kilima na kupigwa zege mlangoni tu. Mlango wa chuma ulipofungwa, walihesabiana kwa majina, wa nyumba mbili zilizokataa wakiwa wa kwanza kuitikia. Kisha upepo ukafika. Ulikuwa na sauti ya lori linalopakua mawe, halimalizi kupakua.

Bi Somoe alitafuta kona. Alipapasa juu ya kiwiko, kwa mazoea tu, akakuta ngozi tupu. Ukanda Mchopa alishaondoka nao. Nyuma ya sikio alikuwa na punje kama ya wenzake. Hakuna taa iliyokuwa inamsubiri aogope. Akatayamamu kwenye ukuta wa udongo, akatandika kanga, na kwa mara ya kwanza tangu akatazwe, upepo ukiwa katikati ya kunguruma kwake, akafungua Yasini.

Asumini alikuja akaketi pembeni. Aliacha asome ukurasa, ndipo akamvuta nguo.

"Mama."

"Abee."

"Naogopa."

Bi Somoe aliweka kidole kwenye mstari ili asiupoteze. "Kiasi gani, mwanangu?"

Asumini alisikiliza kifuani, kama anayepima maji ya wali kwa kidole.

"Kiasi changu," alisema.